Magadi Yaliyogoma Kutoa Povu

Mshauri,

Msaada nauomba, mahubiri sitaki, kwa hiyo ukinijibu nijibu kama mtu aliyewahi kushika dekio, siyo kama mtu aliyesimuliwa habari za dekio. Mimi ni bibi, wajukuu ninao kwa binti yangu aliyeolewa mbali, na tangu mzee wangu afariki naishi kwa mwanangu wa kiume, fundi wa mafriji, yeye na mkewe ambaye anauza vitambaa dukani na sasa ana mimba, tumbo limeshashuka, ni leo au kesho. Shule mimi niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, kwa hiyo herufi zangu zikipandana zivumilie, siku hizi hata mistari ya karatasi wanaichapa hafifu kama wanaionea choyo wino.

Kwanza ujue unaongea na nani. Mimi nilisafisha vyumba vya nyumba ya wageni tangu usichana mpaka nikawa mkubwa wa wasafishaji, na chumba nilichotoka mimi, mgeni aliyeingia hakujua kama duniani kumewahi kuwa na mtu mwingine kabla yake. Shuka nilikuwa nalivuta mpaka ukilirushia kijiko kinadunda. Kwa hiyo mtu akigusa usafi wangu hajagusa ndoo na sabuni, amenigusa mimi.

Sasa huyu mkamwana wangu, mimba ilipoingia ikamfanya achukie kila kitu chenye harufu ya dukani. Siku moja nimemkuta kajishika ukutani nje ya choo, machozi yanamtoka, ananiambia, "Mama, ile dawa ya choo ikifunguliwa tu utumbo wote unapanda." Nikamwambia itupe. Akasema, "Tukiitupa tutasafishia nini?" Nikamwambia, "Kwani kabla ya hizo chupa watu walikuwa wananuka? Niletee siki, ndimu, chumvi na magadi, halafu kaa pembeni uone." Na aliona, mshauri, kwa sababu birika lililokuwa na magamba ya chumvi ndani nililichemshia siki na maji likatoka jeupe, bomba la jikoni nililisugua kwa nusu ya ndimu iliyochovywa chumvi mpaka likamwonyesha meno yake, godoro nilinyunyizia magadi nikaliweka juani harufu yote ikaondoka, na yeye akawa anapita nyuma yangu anacheka, anasema, "Mama, nyumba inanuka kama saladi." Tulikuwa tunapendana, hilo nakwambia mapema ili usifikiri mimi ni wale mama wakwe wa kutafuta ugomvi kwa kurunzi.

Maneno yalianza tuliposikia kuwa mama yake mzazi anakuja kukaa naye mpaka ajifungue na apate nguvu. Mkwe mwenzangu yule namjua. Ni mwanamke wa kupitisha kidole juu ya kabati la watu, halafu anakiangalia kidole, halafu anakuangalia wewe, halafu hasemi kitu. Alishanifanyia hivyo wiki ya harusi, kwenye kabati langu mwenyewe, na kidole kilitoka safi lakini dharau ilikuwa pale pale. Nikasema safari hii atapitisha vidole vyote kumi na asiambulie hata nywele, nikaanza usafi wa nyumba nzima, ule wenyewe, unaoanza darini unashuka mpaka kwenye kizingiti, maana anayeanza na sakafu akamalizia na utando wa buibui huyo anajichezea.

Nikaenda hivyo mpaka bafuni. Kwenye maungio ya vigae uchafu hauondoki kwa kitambaa, unataka uji mzito wa magadi na siki, unaupaka, unauacha ule uchafu mpaka ushibe, ndipo unasugua na kusuuza. Makopo ya mkamwana wangu ya jikoni yote ni mekundu, alinunua seti, lakini mimi sina haja ya kusomasoma, magadi ni kopo la pili kutoka dirishani tangu nimehamia hapa. Nikachota, nikamimina siki, na magadi yakagoma. Hayakutoa povu hata moja, yalilala tu kwenye bakuli kama mume mvivu. Nikajua huyu ni muuza duka wa hapa kona, wanamwita Taratibu, kaniuzia takataka, nikatoka na aproni yangu mpaka dukani kwake, watu wamejaa, nikamwambia, "Wewe, umeniuzia chokaa!" Akasema, "Bibi, taratibu, mbona wenzako hawajalalamika?" Nikamwambia, "Wenzangu hawajui magadi, mimi nayajua tangu baba yako hajabalehe." Watu wakacheka, yeye akanipa pakiti nyingine, hakuongeza neno, na mtu asiyejitetea si ana kosa?

Ile ya pili nikaiweka akiba, na ule uji nilioukoroga sikuumwaga kwa sababu sijalelewa kumwaga vitu. Nikapaka vigae vyote, nikapaka nyuma ya choo, nikapaka kuzunguka sinki, nikauacha, nikarudi nikapangusa, nikanusa, siki safi, nikaenda kulala mgongo umekatika lakini moyo uko juu.

Asubuhi, sisimizi. Msafara mzima umetoka chini ya mlango, umepanda ukutani, wanafuata maungio ya vigae kama wamechorewa njia. Tangu lini sisimizi wakafuata siki? Maisha yangu yote siki inawafukuza. Nikamwita mkamwana wangu, akaja, akainama akaangalia vigae muda mrefu, halafu akasema, "Labda ni mimi, mama. Nilipita na kikombe cha uji kikanimwagikia."

"Uji chooni?"

"Mimba hii, mama, ikinidai chakula haiangalii mahali."

Basi nikampa maneno yake, kwamba mwanamke hali chooni hata kama ana mimba ya mapacha, na kwamba mama yake akija akakuta sisimizi atasema ni mimi, naye akasema, "Samahani, mama," akaenda kazini kwake, nami nikaona nimemfunza.

Sasa ndiyo nafika kwenye lenyewe. Siku ile ile baada ya chakula cha mchana nilitoka kwenda kwa jirani kuazima ngazi, nikafika nusu ya njia mguu mmoja unanipwaya, kumbe nimevaa ndala moja yangu na moja ya mwanangu, nikarudi. Nimeingia nakuta mlango wa bafu uko wazi, na mkamwana wangu, ambaye nilijua yuko dukani, yuko chini amepiga magoti na lile tumbo lake, ana kijiko, anakwangua vigae vyangu. Pembeni ana beseni, na ndani ya beseni kuna glasi zangu nilizoosha asubuhi kwa mkono wangu, zinaoshwa tena.

Nikamuuliza, "Unafanya nini?"

Akasema, "Nanyoosha mgongo, mama."

"Kwa kijiko?"

Nikamwambia kama kazi yangu haifai ungesema kwa mdomo aliokupa Mungu, kumbe muda wote ule unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mbele yangu "asante mama, kunang'aa mama," nyuma yangu unakwangua. Yeye akalia. Mimi sikulia, mimi niliokota ile ndala ya mwanangu nikairudisha mahali pake.

Tangu hapo nikawa napeleleza. Nikiosha vyombo anaviosha. Nikifua kola za mashati ya mumewe anazirudia. Dirisha la sebuleni nililolisugua kwa siki na gazeti, nimemkuta analipangusa na pumzi zake. Chumba changu peke yake ndicho haingii, hata siku nikiacha mlango wazi. Nikamwambia mwanangu, nikidhani atakuwa upande wangu, na yeye alikuwa anashughulika na ile taa ya sebuleni, kwa sababu nilimwambia ina mduara kama mwezi unaotaka kuleta mvua, alishabadilisha balbu na mduara bado upo, akashuka kwenye kiti akaniambia polepole, "Mama, pumzika. Umesafisha vya kutosha maishani mwako."

Pumzika! Neno hilo walimwambia mzee wangu alipoondolewa kazini, naye akapumzika kweli, akakaa kwenye kiti mpaka kiti kikamzoea, na kutoka pale hakwenda mahali pengine ila makaburini. Mimi nikiacha kusafisha humu ndani ni nani? Ni mtu wa kuletewa chai, ni kiti kingine.

Nimechoka, mshauri. Mikono haijachoka, inaweza kumenyana na sufuria mpaka kesho. Kilichochoka ni huku ndani. Begi langu nimeshalipanga, nimelisukuma uvunguni mwa kitanda, ndugu yangu wa kike ana chumba cha uani kilicho wazi na hana mtu wa kurudia kuosha nyuma yangu. Nataka kuondoka kabla mkwe mwenzangu hajafika akakuta mwanawe anarudia kazi ya mama mkwe wake. Ila nikiondoka sasa, mtoto wa mwanangu, wa kwanza kwake, atazaliwa mimi sipo, na nilishajiona nikimuogesha. Nimefika mahali napanga na kupangua.

Niambie niende au nikae nimeze. Na kama jibu lako ni nipumzike, karatasi usiipoteze.

Ni mimi, Mama Fundi.

*

Mama Fundi, shikamoo. Naitoa mapema kwa sababu nikishaanza kukugombeza sitapata tena nafasi.

Dekio nimelishika, ondoa shaka. Na kwa kuwa nimelishika, nimesoma barua yako mpaka kwenye lile bakuli nikasimama hapo hapo. Bibi, magadi yakikutana na siki yanachemka. Yawe mapya, yawe yamekaa kabatini yakasahaulika, yatachemka walau kidogo, na yanapochemka yanapiga kelele, mtu anayasikia hata akiwa amefumba macho. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Yako yalilala kama mume mvivu. Basi hayakuwa magadi.

Yalikuwa nini? Waulize sisimizi, wao hawana sababu ya kukustahi. Sisimizi haachi njia zake kwenda kula magadi na siki. Anafuata unga. Ulikuwa katika usafi wa nyumba nzima, rafu zimepanguswa, makopo mekundu yametolewa yakarudishwa, na la pili kutoka dirishani halikuwa tena lile unalolijua. Ulikoroga unga na siki, ukaupaka bafuni kote, ukaupangusa ule ulioweza kuuona. Uliobaki ukakauka kwenye maungio ya vigae.

Sasa rudi kwenye kile kikombe cha uji. Mkamwana wako hakumwaga uji chooni. Aliinama, akaona unga wako umekauka ukutani, na papo hapo akatafuta uongo ambao mjinga ndani yake angekuwa yeye. Ukamgombeza, akasema samahani mama. Kisha akaomba ruhusa kazini au akatoroka, sijui, akarudi nyumbani saa ambayo alidhani hutakuwepo, akapiga magoti na tumbo hilo kwenye sakafu yenye maji, ili mama yake akija asikione ulichokifanya wewe. Na wewe ukaita hiyo dharau. Nimewahi kupokea barua za wakwe wanaodharauliwa, bibi. Ningekuwa na wewe hapa ningekusomea moja tu, ungekwenda kumkumbatia huyo mtoto bila kuvua viatu.

Viatu vyenyewe nusu ni vya mwanao.

Sikucheki. Unayajua mwenyewe, uliyaandika wewe mwenyewe yote: ndala mbili zisizofanana, makopo unayoyatambua kwa mahali pake, mistari ya karatasi iliyochapwa hafifu (karatasi yako iko hapa mbele yangu, mistari yake ni ya bluu iliyokolea), taa yenye mduara ambao balbu mpya haikuuondoa. Bibi, balbu haina kosa. Taratibu wa dukani hana kosa. Macho yako yameingia ukungu, na nadhani unajua tangu zamani kidogo, ila umekuwa ukimtafutia kosa kila mtu kabla hujafika kwenye macho yako.

Naelewa kwa nini. Aliyeishi kwa kuona vumbi kabla ya mgeni kuliona, kukiri kuwa halioni ni kama kukiri kwamba hayupo. Umeona kiti kilivyomla mzee wako na unakiogopa kiti. Una haki ya kukiogopa. Mwanao alikosea kukwambia pumzika. Alitaka kusema "Mama, tunaona huoni" akashindwa, akachukua neno la karibu. Na mkamwana naye, kama gazeti hili litamfikia dukani kwake, nina neno lake: mwanangu, heshima yako ni kubwa, lakini ya kuficha namna hiyo imetosha. Umemstahi mama mpaka umemwacha gizani, na ungeteleza pale bafuni tungekuwa tunaongea habari nyingine leo. Mtu mzima huambiwa. Hugombeza, hununa, hupanga begi, lakini huambiwa.

Sasa wewe. Unataka kumuogesha mtoto. Maji ya moto na ya baridi utayajua kwa mahali pa ndoo? Na kopo la pili kutoka dirishani siku nyingine likiwa na dawa ya panya? Nimekuuma, najua, nilitaka uumie hapa kwenye karatasi na siyo kwenye beseni la mtoto.

Kwa hiyo hivi ndivyo utakavyofanya. Kwa ndugu yako huendi. Ukungu utakwenda nao, na huko hakuna mtu wa kukwangua vigae. Utamwita mkamwana wako, peke yenu, na utamwambia: "Mwanangu, sioni vizuri. Nipelekeni hospitali ya macho." Usianze na habari za kijiko wala usimalizie na habari za mama yake. Mimi siyo daktari. Kuna wanaopasuliwa wakaona kama zamani, kuna wanaopewa miwani, kuna wanaoambiwa mmechelewa, na wewe hujui uko kundi gani mpaka ukae kwenye kile kiti chao. Hicho ndicho kiti pekee ninachotaka ukikalie.

Dekio hulitupi. Kopo la magadi lifungwe utepe wa kitambaa shingoni, mkamwana anauza vitambaa hatakosa kipande, na kabla hujapaka chochote mahali popote, weka siki tone moja kwenye bakuli utege sikio. Bila mlio hupaki. Nyumba iliyobaki mtaimaliza wawili: yeye akae kwenye kiti na tumbo lake aone, wewe usugue. Yeye akisema "Kushoto, mama, pale chini bado," usugue kushoto, pale chini, bila hotuba. Wewe una mikono yenye miaka ya kazi, yeye ana macho, na mwenye mimba hana kazi ya kupiga magoti. Siku mama yake akipitisha kidole juu ya kabati mwache apitishe, mtakuwa wawili mnaomwangalia.

Dukani utakwenda, na watu wakiwa wamejaa vile vile kama siku ile, umwambie Taratibu magadi yake yalikuwa mazima. Sijui utalitoaje, hilo ni lako.

Na lile begi ulitoe leo uvunguni. Ukilivuta litakuja na vumbi, kwa sababu chumba chako ndicho pekee ambacho mkamwana wako haingii kurudia nyuma yako. Ukiliona vumbi, au usipoliona, mfungulie mlango, umwite aje na ufagio.